Wageni wetu wa Njombe tuwaonyeshe nini?

Kila mwaka, mvua zikishakatika na barabara za vijijini zikakauka, utawaona Makambako. Basi dogo linasimama njia panda, pale barabara ya Songea inapoachana na ile iendayo Mbeya na Zambia. Wanashuka Wazungu kumi au kumi na wawili, wamevaa fulana za rangi moja zenye jina la kanisa lao. Wametoka Marekani, Ujerumani, Sweden au Italia. Si watalii wa kawaida, wala si wamisionari wa zamani waliokuja na masanduku ya kukaa miaka kumi. Hawa wanakaa wiki mbili. Wanaabudu nasi, wanapaka rangi darasa au wanabeba matofali, wanatazama nchi, kisha wanarudi kwao.

Juu ya wageni hawa ndipo nataka tuzungumze leo, ndugu msomaji. Sina ugomvi nao. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na zipo zahanati na madarasa katika nyanda hizi yaliyopona kwa msaada wa wageni. Swali langu linatuhusu sisi wenyeji. Tunawaonyesha nini? Na watoto wetu, ambao siku hizo zote wamesimama pembeni wakitazama, wanajifunza nini?

Tuanze na matembezi. Kutoka Dar es Salaam mgeni anapita katikati ya Hifadhi ya Mikumi, na twiga anamwona dirishani bila kulipa kiingilio. Anapanda Kitonga, analala Iringa, na akiwa na mwenyeji mwerevu anapelekwa Kalenga kuliona fuvu la Mkwawa lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954. Akifika Njombe, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, anavaa sweta ambalo hakudhani angelihitaji Afrika. Anapigwa picha kwenye maporomoko ya mto Ruhuji. Anaonyeshwa chai ya Kibena, na miwati ya kampuni iliyoanzishwa na wakoloni mwaka 1949 ili magamba yake yatengeneze ngozi. Mwenye siku ya ziada anapelekwa Nyumba Nitu, msitu na pango ambamo wazee husimulia kuwa watu walijificha wakati wa vita. Wengine hufika Kitulo, hifadhi ya taifa tangu mwaka 2005, iliyosifiwa kwa maua yake. Ila maua ya Kitulo huchanua wakati wa mvua na wageni wengi huja kiangazi, kwa hiyo wengi huona majani makavu na baridi, wakashukuru hivyo hivyo.

Kisha inafika Jumapili. Mgeni amefundishwa kusema "Kamwene", na kanisa zima linaitikia kwa kicheko na furaha. Kwaya tano zinaimba, ibada inachukua saa tatu, mahubiri yanatafsiriwa sentensi kwa sentensi. Baada ya baraka watu wanatoka nje na mnada unaanza. Msomaji wa nyanda za juu anaujua mnada huu. Asiye na fedha huleta alicho nacho: kuku, mayai, mahindi, viazi, kitita cha mboga. Vinanadiwa, na fedha inaingia katika sadaka.

Nimesali katika ibada ya namna hiyo kwenye usharika mmoja jirani na Makambako, ambao sitautaja. Jogoo ambaye sokoni angeuzwa shilingi elfu ishirini alifika laki moja mikononi mwa mgeni. Mgeni akamrudisha, akanadiwa tena, mgeni mwingine akampandisha zaidi. Vigelegele vikapigwa. Kwa hesabu ya mhazini ilikuwa Jumapili njema. Lakini baada ya jogoo yule wenyeji walinyamaza. Mzee ambaye kila wiki huanza na elfu tano hakufungua mdomo tena. Bibi mmoja alileta mayai sita kwenye kikapu, na mnadishaji akayapitisha haraka haraka kama mtu anayeona haya. Kijana aliyesimama karibu nami akamwambia mwenzake, "Hawa ndio wanaolijenga kanisa."

Maneno ya kijana yule ndiyo yaliyonifanya niandike. Hayana ukweli, na historia ya Njombe yenyewe inayakataa.

Wamisionari wa Berlin walifika kaskazini mwa Ziwa Nyasa mwaka 1891, wakiongozwa na Alexander Merensky, mtu aliyekuwa amefanya kazi Transvaal. Hawakupitia Dar es Salaam. Walipitia Msumbiji, wakapanda mito ya Zambezi na Shire hadi ziwani. Kutoka kwa Wanyakyusa walipanda milima hadi Ukinga, na mwaka 1898 wakafungua kituo cha Kidugala katika nchi ya Wabena. Vituo vingine vikafuata, na kimojawapo ni Yakobi, si mbali na mji wa Njombe.

Septemba 1905, moto wa Majimaji ulipofika Ubena, wapiganaji wa mtwa Mbeyela waliishambulia Yakobi. Mmisionari Gröschel na waliokuwa naye wakajibu kwa bunduki, na shambulio likashindwa. Wazee wa huko waliiita Vita ya Korosani, kwa maana ndivyo walivyolitamka jina la Gröschel. Baada ya hapo Wajerumani walichoma vijiji na vyakula, na njaa iliyofuata Majimaji ikaua watu wengi kuliko risasi. Hiyo ndiyo Yakobi. Kituo cha Injili kilikuwa pia ngome katika vita, na Wabena walikuwa nje ya ngome na ndani yake. Wajukuu wa pande zote mbili wanaimba leo katika kwaya moja. Je, katika ratiba za mapokezi, ni mara ngapi umeona siku ya Yakobi?

Lakini sehemu ninayotaka kijana yule aijue ni inayofuata. Mwaka 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, majeshi ya Uingereza yaliiteka nchi hii na wamisionari wa Kijerumani wakaondolewa. Fedha za Berlin zikakatika. Waskochi waliokuwa ng'ambo ya ziwa, Nyasaland, walipewa uangalizi wa vituo, nao walikuwa wachache mno kwa eneo lote lile. Wajerumani hawakurudi mpaka katikati ya miaka ya 1920. Kwa karibu miaka 10, ni nani aliyeongoza ibada Kidugala na Yakobi? Ni nani aliyewafundisha watoto kusoma na kuwazika wafu? Ni walimu na wainjilisti wenyeji, waliokwenda kwa miguu kutoka kijiji hadi kijiji, huku wakilima mashamba yao ili wale.

Mwaka 1939 vita vikarudi, na Wajerumani wakakamatwa tena. Mara hii Waluteri wa Sweden na Marekani walikuja kusaidia, lakini mzigo wa kila siku ulibaki pale pale, mabegani mwa wenyeji. Kwa hiyo tarehe 19 Juni 1963, makanisa saba yalipoungana kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, watu wa nyanda za juu walikuwa wamekwisha kuachiwa kanisa mikononi mara mbili, na mara zote mbili halikufa. Leo kanisa hilo lina waumini zaidi ya milioni 7, na ni miongoni mwa makanisa makubwa kabisa ya Kilutheri duniani. Wakatoliki nao wana jimbo lao la Njombe tangu mwaka 1968, na Waanglikana walikuwa na dayosisi yao ya kusini magharibi tangu mwaka 1952. Makanisa hayo pia yaliletwa na wageni, na leo yanaongozwa na maaskofu waliozaliwa nchini.

Sasa mgeni wetu anaonyeshwa maporomoko, chai na twiga, na haonyeshwi jambo hili. Anarudi kwao akiamini amewasaidia watu wenye furaha na umaskini mwingi. Nasi tunabaki na watoto wanaoamini kuwa kanisa linakuja na basi dogo mwezi wa saba. Hasara hiyo ni yetu zaidi kuliko yake.

Yapo mambo matatu tunayoweza kufanya bila kuomba msaada wa mtu. Kwanza, kabla ya kwenda Ruhuji, tuwapeleke wageni Yakobi na Kidugala, na msimuliaji awe mzee wa pale pale. Asimulie yote, ngome na njaa pamoja. Mgeni wa Kijerumani hasa ana haki ya kuisikia habari hiyo, na hatavunjika kwa kuisikia. Watoto wa shule wawepo.

Pili, wazee wa usharika wauangalie mnada. Mgeni mwenye laki yake aiweke katika bahasha, mnada ubaki wa majirani. Mayai sita ya bibi yanadiwe kwa sauti ile ile iliyomnadi jogoo.

Tatu, tuandike majina ya wale walimu wa miaka ya 1916 hadi 1925. Wajukuu zao wapo Lupembe, Ilembula, Makambako na Njombe mjini, lakini ni wazee sasa, na kila mwaka tunawazika. Kila usharika una kijana mwenye simu inayonasa sauti. Apewe kazi hiyo, na majina yakipatikana yaandikwe ukutani, mahali ambapo mtoto wa Komunio ya Kwanza au wa Kipaimara atayasoma.

Na tuwaulize wageni habari za kwao. Huko Ulaya yapo makanisa yaliyouzwa kwa kukosa watu wa kuingia. Mgeni akiulizwa habari hiyo kwa heshima ataieleza, na huenda akaomba tumwombee. Hapo atakuwa amekuja kwa ndugu zake kweli.

Wahenga walisema pia, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wageni wa Njombe tumewapa brashi ya rangi na matofali. Msimu ujao, kamati za mapokezi zitakapokaa kupanga ratiba, ziwape na viti chini ya mti pale Yakobi, wakae pamoja na watoto wetu, wasikilize.