Zimwi la Ukambani Ni la Nani?

Zimwi la hadithi za Wakamba, wanaloliita eimu, lina tabia zake. Hujigeuza kijana mtanashati likaja ngomani kutafuta mchumba. Humeza watu na mifugo yao bila kutafuna. Linapozidiwa nguvu huagiza likatwe kidole cha mwisho, na kikikatwa, wote waliomezwa hutoka wazima, ng'ombe wao wakiwafuata nyuma. Watoto wa Kangundo, Mwala na Masii walilijua kabla hawajajua kusoma, kwa sababu nyanya zao walilisimulia usiku baada ya kazi.

Aliyelitia kitabuni alikuwa Mswidi. Gerhard Lindblom alifika Ukambani mwaka 1911 akiwa mtafiti kijana, akajifunza Kikamba na kuanza kuandika alichosimuliwa. Juzuu lake la hadithi za wanyama lilitoka mwaka 1928, na lile la viumbe wa ajabu, mazimwi yakiwemo, likafuata mwaka 1935, Kikamba na Kiingereza pamoja. Ni kazi kubwa, na bila yeye huenda tungekuwa tumepoteza mengi. Lakini jina la jaladani ni lake, na kwa sheria za hakimiliki kitabu kilikuwa chake. Nyanya aliyekaa karibu na moto akisimulia hakuwa na haki yoyote ambayo mahakama ingeitambua.

Hapo ndipo penye kiini cha ugomvi ambao umezunguka dunia nzima kila mtu anapodai kuibiwa jini, mchawi au mzuka wake. Hakimiliki hailindi wazo. Hulinda namna wazo lilivyotungwa: maneno, mpangilio wa matukio, wahusika waliochorwa wakakamilika. Mkataba wa TRIPS wa mwaka 1994, unaozibana nchi zote za Shirika la Biashara Duniani, Kenya ikiwemo, unasema hivyo bila kuficha. Nayo sheria yetu ya mwaka 2001 inataka kazi iwe imeandikwa, imerekodiwa au imewekwa katika umbo linaloshikika. Hadithi ya mdomo inaanguka kwenye kigezo hicho hicho cha kwanza.

Kesi mbili za ng'ambo zinaonyesha mpaka ulipo. Mwaka 1922 Wajerumani walitengeneza filamu ya Nosferatu, wakabadilisha majina ya wahusika na kuchukua kisa cha Dracula, riwaya ya Bram Stoker ya mwaka 1897, bila ruhusa. Mjane wake, Florence, aliwashtaki, na mwaka 1925 mahakama ikaamuru nakala zote ziharibiwe. Bahati nzuri kwa wapenzi wa sinema, baadhi zilinusurika. Mama huyo hakushinda kwa sababu mnyonya damu ni mali ya familia yake. Alishinda kwa sababu kisa kilichukuliwa hatua kwa hatua. Kinyume chake, warithi wa mwandishi wa Willy the Wizard walipomshtaki mchapishaji wa J.K. Rowling wa Marekani wakidai Harry Potter amechota kwenye kijitabu chao, kesi yao ya New York ilitupwa mwaka 2011. Mchawi kijana na mashindano ya wachawi si shamba lenye hati.

Pwani yetu ina mfano mzee kuliko hiyo yote. Nunda mla watu, yule paka wa sultani aliyeanza na mifugo akaishia kumeza binadamu, alichapishwa na Edward Steere katika mkusanyiko wake wa hadithi za Waswahili mwaka 1870. Mwaka 1901 akatokea London katika kitabu cha Andrew Lang cha hadithi za watoto. Mwaka huo huo akatokea Chicago katika Zanzibar Tales ya George Bateman. Wachapishaji wawili, bahari mbili mbali na Unguja, wakimuuza mnyama mmoja, wala hapakuwa na kosa lolote kisheria. Kijana anayemwinda Nunda na kijana wa Kikamba anayelikabili eimu ni ndugu wa kisa. Sasa nani angemshtaki nani?

Waandishi wetu wakubwa nao walichota kisimani bila haya. Shaaban Robert alijenga Adili na Nduguze, kitabu cha mwaka 1952, juu ya kisa cha Abdallah bin Fadhil kilichomo katika Alfu Lela Ulela. Ndugu waliogeuzwa mbwa kule, kwake wakawa manyani. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alimpa Bwana Msa kiko na rafiki wa kumshangaa, Najum, na kila msomaji wa Mzimu wa Watu wa Kale, uliotoka mwaka 1960, anamwona Sherlock Holmes akipita nyuma ya pazia. Naona wote wawili walikuwa sahihi. Kule Nigeria mambo yalikuwa makali zaidi: Amos Tutuola alipotoa The Palm-Wine Drinkard mwaka 1952, wenzake walimlaumu kwamba amekopa mno kwa D.O. Fagunwa, aliyeandika kwa Kiyoruba tangu mwaka 1938. Fagunwa mwenyewe alikuwa amechota kwa wazee wake.

Machakos ina ushahidi wake wa mbao. Mutisya Munge wa Wamunyu alijifunza uchongaji Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akarudi na ufundi uliogeuka kuwa kazi ya vijiji vizima. Ukienda Wamunyu leo utakuta twiga aliyechongwa na baba, mwana na jirani, shingo ile ile, na hakuna anayeuliza nani alianza. Kule Dar es Salaam, mwishoni mwa miaka ya 1950, Mmakonde Samaki Likankoa alichonga shetani lenye umbo la kutisha, ambalo husimuliwa kwamba lilitokana na sanamu iliyovunjika mkono. Mfanyabiashara Mohamed Peera akalinunua, likapendwa, na muda si mrefu wachongaji wengi walikuwa wakichonga mashetani. Samaki alianzisha mtindo ukalisha maelfu, yeye akabaki jina la kwenye vitabu vya wasomi.

Kenya haikulala kabisa. Ilitia sanaa za jadi katika sheria ya hakimiliki tangu mwaka 1975, mapema kuliko nchi nyingi. Katiba ya 2010 ikaongeza uzito, na mwaka 2016 ikaja sheria mahususi ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za utamaduni, hadithi zikiwemo. Sasa mwenye haki ni jamii, na anayetaka kuzifanyia biashara nje ya mila anatakiwa aombe ridhaa yake. Serikali za kaunti ndizo zilizopewa kazi ya kuweka rejista. Hapo nacheka kidogo: Wakamba wako Machakos, Kitui na Makueni. Eimu litaandikishwa wapi, na likivuka mto Athi litahitaji kibali?

Machakos ilitaka kuwa mji wa sinema. Siku za mwanzo za ugatuzi mradi wake uliitwa Machawood. Vijana wanaoandika filamu za kutisha wananiuliza kila mara kama wazo lao litaibwa. Jibu ni kwamba wazo halina mwenyewe. Tazama Kati Kati ya Mbithi Masya, ya mwaka 2016: wafu wanaishi katika nyumba ya wageni nyikani wakisubiri kuvuka. Mjapani Hirokazu Kore-eda alikuwa amewaweka wafu katika kituo cha kusubiri mwaka 1998. Wazo ni jirani, filamu ni mbili tofauti kabisa, na ya Masya ilituzwa na wahakiki kule Toronto.

Kwa hiyo, ndugu mwandishi, usiogope kulitumia eimu, ila kumbuka ile ridhaa ya jamii. Andika kisa chako hadi mwisho, tia tarehe, kisajili kwa Bodi ya Hakimiliki. Usajili si lazima, lakini ni ushahidi siku ya ugomvi. Na ukisimuliwa na nyanya wa Mwala, liweke jina lake kwenye kazi yako na umgawie chochote kikiingia, sheria ikudai isikudai. Lindblom alifariki mwaka 1969, na kwa hesabu ya Kenya ya miaka 50 baada ya kifo, mazimwi yake yako huru tangu mwaka 2020. Hadithi za Kikamba alizozitoa John Mbiti, mzaliwa wa Kitui, mwaka 1966 hazijafunguliwa: Mbiti alifariki mwaka 2019, na kitabu chake kinalindwa hadi mwisho wa mwaka 2069.