Kilio, Malalo na Misa ya Wafu

Mtu akifa mjini Lubumbashi habari hupita upesi: kuna kilio kwa fulani. Wenzetu wa pwani wangesema msiba, na watu wa Kinshasa husema matanga. Sisi twasema kilio, na neno hili halina fumbo, limetoka katika kulia. Wabemba husema malilo, Waluba wa Kasai husema madilu, nayo pia ni maneno ya machozi. Lakini kwetu kilio si machozi tu. Ni nyumba yenyewe, ni ua wenye viti, ni wanawake waliolala chini ndani na wanaume wanaokesha nje penye moto, ni daftari ya michango. Mtu huenda kilioni, hulala kilioni, na mwishowe kilio huondolewa.

Mji huu ulianzishwa mwaka 1910 kwa jina la Élisabethville. Mwaka ule ule reli ilifika kutoka kusini, na mwaka ule ule walifika Wabenedikto wa abasia ya Mtakatifu Andrea ya Bruges, wakiongozwa na Padri Jean-Félix de Hemptinne, aliyekuwa askofu baadaye na kufariki mwaka 1958. Wafanyakazi wa shaba waliitwa kutoka mbali kwa mikataba mifupi, na wengi wao walikuja bila wake. Ni kuanzia karibu mwaka 1928 tu ndipo Union Minière ilipotaka wafanyakazi wakae kambini miaka mingi pamoja na jamaa zao. Basi, mtu aliyekufa kambini kabla ya hapo, nani alimlilia?

Swali hili lilikuwa zito kuliko linavyoonekana. Kwa Wabemba, kazi ya mazishi si ya kila mtu. Kuna watani wa ukoo, waitwao banungwe, na hao ndio wenye haki ya kushughulika na maiti, na kufanya mzaha wakati wengine wanalia. Kambini ungewapata wapi banungwe wa kila ukoo? Ndiyo sababu watu wa upande mmoja wa nchi walianza kukusanyika na kuchanga fedha, ili mwenzao asizikwe kama mtu asiye na watu. Vyama vya ngoma ya Mbeni vya miaka ya 1920 navyo viliwasaidia wanachama katika ugonjwa na kifo. Wamisionari hawakuvipenda vyama hivyo, nao walikuwa na sababu zao. Hata hivyo yafaa kusema kweli: kuzika wafu ni tendo la saba la huruma katika katekisimu yetu, na wale wacheza ngoma walilitenda.

Tuyatazame sasa maneno. Kiswahili kilifika Katanga pamoja na misafara ya biashara, na Mapadri Weupe, waliopokea kituo cha Mpala kando ya ziwa Tanganyika mwaka 1885, walikitumia kufundisha dini. Maneno mengi ya mazishi yalikuwa yamekwisha tengenezwa na Waislamu wa pwani kutoka Kiarabu: maiti, jeneza, kaburi, marehemu. Wengi hudhani marehemu maana yake ni mfu tu. Sivyo, ni mtu aliyerehemiwa. Mkristu aweza kulitamka kwa moyo wote, mradi akumbuke kwamba analisema kwa kuomba, si kwa kutoa hukumu. Maana kama tungekuwa na hakika kwamba amekwisha rehemiwa, tungemtolea Misa ya nini?

Lakini neno ninalolipenda kupita yote ni malalo. Ndivyo watu wetu wanavyoita makaburi, yaani mahali pa kulala. Wabemba nao wana neno hili. Wakristu wa kwanza waliosema Kiyunani walipaita mahali hapo koimeterion, na maana yake ni hiyo hiyo: mahali pa kulala. Kutoka hapo Wafaransa wamepata cimetière. Hakuna aliyewafundisha wazee wetu neno hili kutoka Ugiriki. Nalo Requiem, neno la kwanza la Misa ya wafu kwa Kilatini, ni pumziko.

Misa ile wazee wetu waliijua vizuri. Padri alivaa nguo nyeusi. Sanduku liliwekwa miguu ya maiti ikielekea altare, ila padri aliyekufa kichwa chake ndicho kilichoelekezwa huko. Baada ya Misa, padri alilizunguka sanduku mara mbili, kwanza kwa maji ya baraka, halafu kwa ubani. Kwa Kilatini, bila shaka, na mjane alielewa moshi tu.

Tarehe 4 Desemba 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliagiza kwamba ibada ya mazishi ionyeshe wazi Pasaka ya Kristu, na ifuate zaidi desturi za kila nchi, hata katika rangi ya mavazi. Utaratibu mpya ulitolewa mwaka 1969, nao una vituo vitatu: nyumbani, kanisani, kaburini. Nyumbani! Padri wa zamani naye alifika nyumbani, lakini alikuja kuuchukua mwili. Sasa kukesha kwenyewe kumekuwa sala, pamoja na masomo ya Biblia, na mlei aweza kuiongoza. Maaskofu wa Kongo walikuwa wamekwisha chagua mwaka 1961 njia ya jumuiya ndogo za Wakristu, tunazoziita shirika. Leo shirika ndilo linaloimba usiku kilioni, kazi ile ile ya kutomwacha mtu peke yake.

Desturi moja Kanisa lilikataa kuipokea: kumtakasa mjane kwa kumlaza na ndugu wa mume wake, ili roho ya mfu imwache. Kurithi jina la marehemu ni jambo jingine, na halina ubaya. Tena sheria ya jamaa ya tarehe 1 Agosti 1987 yawataja watoto kuwa warithi wa kwanza, na mjane yumo pia katika warithi. Lakini siku ya kuondoa kilio mara nyingi waimbaji wa shirika wamekwisha rudi makwao. Wamebaki ndugu wa marehemu na mjane, na katikati yao, juu ya mkeka, funguo za nyumba.