Kinywaji cha Krismasi Kariokor: Kutoka Tembo la Halmashauri hadi Chai ya Viungo

Kinywaji cha Krismasi katika mitaa ya mashariki mwa Nairobi, yaani Eastlands, kimebadilika mara kadhaa katika miaka mia moja iliyopita. Tembo, busaa, bia ya chupa, soda na chai ya viungo vimepokezana nafasi, na kila mapokezano yalitegemea mambo matatu: nani aliruhusiwa kupika, nani aliruhusiwa kuuza, na mji ulimpa Mwafrika nyumba ya aina gani ya kumkaribishia mgeni. Kariokor, mtaa unaopakana na Ngara, Ziwani, Starehe na Pumwani, unafaa sana kwa kuifuatilia historia hiyo, kwa sababu mambo yote matatu yalipita mlangoni pake.

Mtaa uliozaliwa na vita

Jina la Kariokor limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi ambacho Waingereza walikiunda mwaka 1914 ili kubeba chakula na risasi katika vita dhidi ya Wajerumani wa Afrika Mashariki. Vita hivyo viliendelea hadi Novemba 1918, Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck aliposalimu amri. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa, wengi zaidi kwa kuhara, malaria na njaa kuliko kwa risasi. Kambi yao ya Nairobi iliuachia mtaa jina, kama ile ya Dar es Salaam ilivyoiachia Kariakoo.

Mwishoni mwa miaka ya 1920 halmashauri ya mji ilijenga Kariokor makazi ya kupangisha wafanyakazi Waafrika. Yalikuwa mabweni ya wanaume. Serikali ya kikoloni ilimhesabu Mwafrika kuwa mgeni wa mjini, mtu wa kuja kufanya kazi na kurudi kwao, kwa hiyo ilimpa mahali pa kulaza ubavu, si nyumba ya mke na watoto. Wakati wa Krismasi aliyeweza kupata ruhusa na nauli alikwenda kwao. Aliyebaki hakuwa na jiko la kupikia wala sebule ya kuketisha jamaa, na sikukuu yake ilimbidi aitafute nje ya bweni.

Pombe za nyumbani

Wafanyakazi hao walitoka katika jamii zilizokuwa na vinywaji vyao vya sherehe. Wagikuyu walikuwa na muratina, iliyotengenezwa kwa asali au maji ya miwa na kuchachushwa kwa tunda refu la mti ambao wataalamu huuita Kigelia africana. Tunda hilo hukaushwa na kutiwa ndani ya kibuyu, na kibuyu huwekwa penye joto mpaka pombe iive. Muratina ilikuwa kinywaji cha wazee, cha mahari na cha baraka, na haikunywewa ovyo.

Waluhya na Wajaluo walikuwa na busaa. Unga wa mahindi hukandwa, ukaachwa uchachuke, kisha ukakaangwa juu ya bati hadi ukawa na rangi ya kahawia. Baada ya hapo huchanganywa na maji na kimera cha wimbi, na kwa siku chache pombe huwa tayari. Magharibi mwa Kenya wazee waliinywa wakiwa wameuzunguka mtungi mmoja, kila mtu na mrija wake mrefu, huku maji ya moto yakiongezwa kidogo kidogo. Kunywa pombe ya moto kwa pamoja, kwa heshima na kwa zamu, ni desturi ambayo wengi waliijua kabla hawajaonja Krismasi ya mjini.

Pombe za aina hii ziliingia Nairobi pamoja na wanawake waliojua kuzipika. Katika vijiji vya zamani vya mji, Pangani hasa, na baadaye Pumwani, wanawake wenye nyumba walipangisha vyumba, wakauza chakula, chai na tembo kwa wanaume wasiokuwa na familia mjini. Mwanahistoria Luise White, katika kitabu chake cha mwaka 1990 kuhusu wanawake wa Nairobi ya kikoloni, ameonyesha kuwa fedha za namna hiyo ndizo zilizojenga nyumba nyingi za mitaa hiyo. Wanawake hao wanastahili kutajwa kwanza katika historia ya sikukuu za Eastlands, kwa kuwa waliwapa wanaume wa mabwenini kile ambacho mji uliwanyima: mahali pa kuketi na mtu wa kuwapokea.

Halmashauri yachukua mtungi

Mwaka 1922 halmashauri ya Nairobi iliiga mpango uliokuwa ukitumika Durban, Afrika Kusini. Ilianza kupika na kuuza tembo yenyewe katika ukumbi wa Pumwani, na kuanzia hapo upishi wa mtu binafsi mjini ukawa kosa. Mapato yaliwekwa katika fungu la kugharimia huduma za Waafrika. Mfanyakazi aliyekunywa kikombe chake siku ya sikukuu alikuwa akilipia, bila kuulizwa, huduma ambazo mji ungepaswa kumpatia kutokana na kodi aliyokwisha kulipa.

Ukumbi wa Pumwani haukuwa mbali na Kariokor. Tembo lake lilikuwa la bei nafuu na lilinywewa mchana, chini ya macho ya wasimamizi, kwa saa zilizopangwa. Kwa wengi haukuwa mahali pa sherehe. Pombe ya kufichwa iliendelea kupikwa, na polisi waliendelea kumwaga mitungi na kuwapeleka wapishi mahakamani. Msimu wa Desemba ulikuwa na wateja wengi na hatari nyingi pia. Mwanamke aliyekamatwa alilipa faini au alifungwa, kisha akarudi kuwasha moto, kwa kuwa kodi ya chumba na karo ya mtoto havikumsubiri.

Mwaka huohuo wa 1922, ndugu wawili Waingereza, George na Charles Hurst, walianzisha kiwanda cha bia huko Ruaraka. Chupa zao za kwanza zilifikishwa katika hoteli ya Stanley mwezi Desemba, kwa wakati wa Krismasi ya walowezi. Mwaka uliofuata George aliuawa na ndovu katika mawindo, na bia ya Tusker ikabeba kumbukumbu ya mnyama huyo mwenye pembe. Kwa mkazi wa Kariokor bia hiyo ilikuwa ya kutazamwa tu. Sheria ilimkataza Mwafrika bia ya chupa hadi mwaka 1947, na pombe kali kwa miaka kadhaa zaidi. Kwa robo karne Krismasi moja ya Nairobi ilikuwa na vinywaji viwili vilivyotenganishwa kwa rangi ya ngozi.

Mlango ulipofunguliwa, bia ya chupa ikawa ishara ya mtu aliyepiga hatua. Ishara hiyo haikudumu bila kupingwa. Mwaka 1953, wakati wa Hali ya Hatari, wapiganaji wa Mau Mau waliopinga utawala wa kikoloni waliwaamuru wafuasi wao wasusie mabasi ya mji, sigara na bia za Wazungu. Aprili 1954 jeshi liliizingira Nairobi katika Operesheni Anvil, likawakamata maelfu ya Wagikuyu, Waembu na Wameru, na mitaa ya Eastlands ikapoteza sehemu kubwa ya wakazi wake. Krismasi za miaka hiyo ziliwakuta watoto wengi baba zao wakiwa kizuizini.

Chai yaingia mezani

Wakati pombe ikigombaniwa, kinywaji kingine kilikuwa kikijipenyeza polepole. Mche wa chai ulipandwa Limuru mwaka 1903, na mashamba makubwa ya Kericho yakaanzishwa miaka ya 1920. Mkulima mdogo Mwafrika aliruhusiwa kulima chai miaka ya 1950 tu. Hata hivyo unywaji wake ulikuwa umekwisha kuenea mijini kabla ya hapo, ukisaidiwa na makanisa. Wamisheni wengi wa Kiprotestanti, na baadaye watu wa uamsho walioenea kutoka Rwanda na Uganda kuanzia miaka ya 1930, waliihesabu pombe kuwa dhambi. Kwa waumini wao Krismasi ilihitaji kinywaji cha moto, kitamu na cha kushirikiana, ambacho mchungaji, mama na mtoto wangeweza kunywa pamoja. Chai ilikidhi mahitaji hayo yote.

Ladha yake ilitoka kwa majirani. Ngara, ng'ambo tu ya barabara, ulikuwa mtaa wa Wahindi, na maduka yake yaliuza tangawizi, mdalasini, iliki, karafuu na pilipili manga kwa vipimo vidogo ambavyo mfanyakazi aliweza kumudu. Waislamu wa Pumwani na Majengo, waliokuwa na uhusiano wa karibu na pwani, nao walikuwa na mapishi yao ya chai, mahamri na pilau. Mkristo wa Kariokor alijifunza chai ya sikukuu kutoka kwa watu ambao sikukuu yao ni Idi au Diwali.

Upishi wake ni rahisi, lakini unahitaji uangalifu. Tangawizi mbichi hupondwa na kutiwa katika maji pamoja na viungo, ichemke mpaka harufu itoke. Maziwa huongezwa, kwa kawaida sawa na maji au zaidi kwa kuwa ni sikukuu, kisha majani na sukari. Sufuria huachwa ipande na kushuka, chai huchujwa, na hutiwa katika chupa za chai ili kila mgeni anayeingia aikute moto.

Viungo hivyohivyo hutia harufu Krismasi ya Ujerumani. Huko Desemba ni baridi kali, na katika masoko ya sikukuu watu hunywa Glühwein, divai nyekundu iliyopashwa moto na kutiwa mdalasini, karafuu, ganda la chungwa na sukari. Warumi wa kale walikuwa na divai ya viungo, na soko la Krismasi la Dresden lilianza mwaka 1434. Wapishi huonya kwamba divai isifikie kuchemka, kwa sababu kileo huanza kuruka inapokaribia nyuzi 78. Huko pia sheria ina neno: kanuni za Umoja wa Ulaya zinataka Glühwein iwe na kileo kisichopungua asilimia 7 na isiongezwe maji.

Karafuu inaziunganisha meza hizi mbili. Mikarafuu ililetwa Zanzibar mwanzoni mwa karne ya 19, na Sultani Seyyid Said akaieneza Unguja na Pemba kwa jasho la watumwa. Wafanyabiashara wa Hamburg, wakiwamo wa kampuni ya O'Swald iliyofungua ofisi Zanzibar mwaka 1849, walikuwa miongoni mwa wanunuzi wakubwa wa bidhaa za visiwa hivyo.

Familia zachukua nafasi ya mabweni

Badiliko kubwa zaidi lilikuwa la nyumba. Kuanzia miaka ya 1940 mitaa mipya kama Ziwani na Kaloleni ilijengwa kwa kuzingatia familia, na baada ya uhuru Kariokor nayo ikawa na nyumba za ghorofa mahali pa mabweni. Mke na watoto waliruhusiwa kuwapo, na jiko likawapo. Krismasi ikahama kutoka ukumbini hadi sebuleni: chapati, nyama, kreti ya soda kwa watoto na chai kwa kila anayebisha hodi. Soko la Kariokor, linalojulikana kwa viondo, viatu vya ngozi na nyama choma, likawa mahali pa wanaume kuketi mchana wa sikukuu.

Pombe za kienyeji hazikupata raha hiyo. Sheria ya mwaka 1971 iliweka leseni kwa vinywaji vya asili, na mwaka 1980 chang'aa, pombe kali ya kienyeji, ilipigwa marufuku kabisa. Marufuku hayakuizima, ila yaliipeleka gizani, ambako wauzaji wasio na utu waliichanganya na methanoli. Novemba 2000 zaidi ya watu 100 walikufa Nairobi kwa pombe ya sumu, majuma machache kabla ya Krismasi, na wengine wakapofuka. Sheria ya mwaka 2010 ilihalalisha chang'aa inayotengenezwa kwa viwango, na ikapanga saa za baa: wikendi na sikukuu, kuanzia saa nane mchana hadi saa tano usiku.

Siku hizi wiki ya mwisho kabla ya Krismasi Wanaeastlands wengi hufurika kituo cha mabasi cha Machakos Country Bus, si mbali na Kariokor, wakielekea mashambani na majani ya chai, sukari na unga wa ngano mizigoni. Wanaobaki hupika mjini. Bia ipo kwa anayeitaka na mwenye fedha, busaa ipo kwa anayejua pa kuiuliza, na hakuna anayeuliza rangi ya mnywaji. Chai ya viungo ndiyo iliyoenea kuliko vyote, kwa kuwa haihitaji leseni, hainyimi mtoto wala mlokole, na hupikwa na mwenye nyumba kwa ajili ya mgeni wake. Haki hiyo ya kupika na kukaribisha, ambayo wanaume wa mabwenini hawakuwa nayo na ambayo wanawake wa Pumwani walifungwa jela kwa ajili yake, ndiyo iliyoipa Krismasi ya Kariokor sura yake ya sasa.