Kauli Yenye Matokeo: Mabaraza ya Wafanyakazi na Ari ya Kazi Tanzania

Kila Mei Mosi, taasisi za Tanzania hutangaza wafanyakazi hodari na kuwakabidhi vyeti na bahasha. Ni desturi njema, na anayepewa hufurahi kwa haki. Lakini kesho yake idara hurudi ilivyokuwa, na waliopiga makofi hurudi kwenye meza zao bila sababu mpya ya kujituma. Hoja ya makala hii ni kwamba ari ya kazi haidumu kwa zawadi wala kwa hamasa. Hudumu pale ambapo kauli ya mfanyakazi inaweza kubadili uamuzi, na pale ambapo, isipoubadili, anaelezwa kwa nini.

Mwaka 1990, mtafiti William Kahn alichapisha utafiti alioufanya kwa washauri wa kambi ya vijana na kwa wafanyakazi wa kampuni ya usanifu majengo. Alibaini masharti matatu ya mtu kujitoa kwa nafsi yake yote kazini: aone kazi ina maana, awe na nguvu za kuifanya, na awe salama kusema na kutenda bila kuhofia kuumizwa. Katika ofisi zetu sharti la usalama ndilo gumu kuliko yote. Heshima kwa mkubwa, ambayo ni tunu, hugeuzwa kirahisi kuwa amri ya kunyamaza, na anayehoji hupewa jina la mkaidi.

Asiyeweza kusema huondoka. Mwanauchumi Albert Hirschman alilionyesha hilo mwaka 1970 akianzia na reli ya Nigeria: wateja waliochoshwa na huduma mbovu walihamia kwenye malori badala ya kulalamika, na reli ikawapoteza watu ambao wangeishinikiza ijirekebishe. Kwetu, ajira ni adimu na mtu hathubutu kujiuzulu. Basi mwili hubaki kazini na moyo huondoka. Daftari la mahudhurio limesainiwa, koti liko kwenye kiti, na wazo ambalo lingeiokolea taasisi fedha nyingi limebaki kichwani mwa mwenyewe.

Mwaka huohuo wa 1970, Tanzania ilijaribu jambo ambalo nchi chache za Afrika zilikuwa zimelithubutu. Waraka wa Rais Na. 1 uliagiza mashirika ya umma yaunde mabaraza ya wafanyakazi, yajadili uzalishaji, ubora wa bidhaa, sera ya mishahara, hata mizania ya hesabu. Kasoro ilikuwa katika muundo: mabaraza yalishauri, menejimenti ikaamua. Mwaka uliofuata, Mwongozo wa chama tawala, TANU, katika kifungu chake cha 15, ulimkataza kiongozi majivuno, dharau na uonevu. Wafanyakazi waliusoma na kuuchukua kwa uzito. Kati ya 1971 na 1973 viwanda vilikumbwa na migomo mingi, na watafiti wa kipindi hicho, wakiwemo Issa Shivji na Pascal Mihyo, walionyesha kwamba mingi haikuchochewa na mshahara. Ilichochewa na namna mameneja walivyowatendea watu.

Kisa cha kiwanda cha mpira cha Mount Carmel, Dar es Salaam, mwaka 1973, kinastahili kusomwa na kila ofisa rasilimali watu. Wafanyakazi walimkataa mwenye kiwanda, lakini hawakuziacha mashine. Waliendelea kuzalisha wenyewe. Watu walioitwa watovu wa nidhamu walikuwa tayari kubeba kazi nzima, pamoja na hasara yake. Waliojaribu kufuata njia hiyo kwingineko walizimwa na dola. Nashikilia kwamba hapo nchi ilipoteza zaidi ya mgogoro mmoja wa viwanda: ilionyesha kuwa ari ya mfanyakazi inakaribishwa mradi isiguse madaraka.

Mabaraza yapo mpaka leo katika utumishi wa umma, na kwa kawaida mwenyekiti ni mkuu wa taasisi yenyewe. Katika sekta binafsi, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaruhusu jukwaa la ushirikishwaji kwa makubaliano na chama cha wafanyakazi kinachotambuliwa. Pasipo chama, hakuna anayewajibika kuliunda. Vikao vingi hujaa taarifa ya bajeti na nasaha za mgeni rasmi. Mjumbe anayeuliza kwa nini hoja ya kikao kilichopita haijajibiwa huonekana kuharibu sherehe.

Wapo watakaosema kwamba tatizo la kwanza ni maslahi. Ni kweli kwamba anayedai malimbikizo ya miaka hawezi kulishwa ushirikishwaji, na taasisi isiyolipa haina haki ya kudai ari. Lakini hata maslahi hucheleweshwa kwa urahisi zaidi pale ambapo hakuna anayelazimika kutoa maelezo. Watasema pia kwamba kushirikisha kunachelewesha maamuzi. Nchini Ujerumani, kwa sheria ya 1972, halmashauri ya wafanyakazi ina haki ya kuafiki au kukataa ratiba ya saa za kazi na mpango wa likizo, na viwanda vyake havikusimama kwa sababu hiyo.

Hatuhitaji kuiga mfumo wote huo. Tuanze na kanuni tatu ndani ya mikataba ya mabaraza tuliyo nayo: kila pendekezo lijibiwe kwa maandishi kabla ya kikao kinachofuata, na likikataliwa sababu zitajwe; uenyekiti uwe wa kupokezana kati ya menejimenti na wawakilishi wa wafanyakazi; na mjumbe asihamishwe kituo kwa sababu ya aliyoyasema kikaoni bila shauri lake kusikilizwa. Hakuna hata moja inayohitaji fungu jipya la bajeti. Vyama vya wafanyakazi vizidai katika majadiliano yajayo, na wakuu wa taasisi wanaosema wanataka watumishi wenye ari wazitie saini.