Kisogo cha John Freeman

Uso wa mgeni umejaa kioo kizima cha televisheni. Kope zinaonekana, jasho nalo linaonekana. Anayeuliza tunamwona bega na kisogo tu. Ndivyo kilivyokuwa Face to Face, kipindi cha BBC alichokiendesha John Freeman, mbunge wa zamani wa chama cha Labour, kuanzia Februari 1959 hadi 1962.

Freeman aliuliza kwa sauti ya upole, akanyamaza. Ufundi wake wote ulikuwa hapo, kwenye kunyamaza.

Oktoba 1959 watazamaji walipelekwa hadi Küsnacht, Uswisi, nyumbani kwa mwanasaikolojia Carl Jung. Mzee alikuwa na miaka 84. Freeman alianza na utoto wake na dini ya wazazi wake, taratibu, kama mtu anayebisha hodi. Kisha akamuuliza: na sasa, unamwamini Mungu? Jung akasita. Akasema ni vigumu kujibu. Ndipo akatamka kwamba hana haja ya kuamini, kwa sababu anajua. Watangazaji wengi ninaowatazama siku hizi wangeshamkatiza palepale aliposita, na jibu lile lisingezaliwa.

Mchapishaji mmoja wa London, Wolfgang Foges, aliyatazama mazungumzo hayo, akamwomba Freeman amshawishi Jung awaandikie watu wa kawaida kitabu. Jung alikataa, baadaye akakubali. Alifariki Juni 1961 akiwa ameshaandika sehemu yake, na Man and His Symbols kikatoka 1964, kikiwa na utangulizi wa Freeman.

Lakini ukimya huohuo uliweza kuumiza. Mwaka 1960 aliketi Gilbert Harding, mtu aliyejulikana Uingereza nzima kwa ukali wake. Freeman akamuuliza kama amewahi kuwa karibu na mtu anayekata roho. Harding alikuwa kando ya mama yake alipofariki. Sauti ikamkwama, macho yakalowa, na kamera ikabaki pale pale usoni. Novemba mwaka huohuo Harding naye akafa. Bado napata shida kuitazama picha ile, na Freeman mwenyewe alikuja kulijutia swali lake.

Baadaye alikwenda India, kisha Washington, kuiwakilisha Uingereza. Aliishi hadi 2014, na katika miaka yote hiyo ni mara chache mno alizokubali kukaa kwenye kiti cha mgeni.