Kalamu ya Mfanyabiashara: Tippu Tip na Nathari ya Kiswahili

Hapa Simbo hatuko mbali na Ujiji, ilikofikia njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kupitia Tabora. Katika njia hiyo uandishi ulikuwa mtumishi wa biashara: barua na madeni viliandikwa kwa hati za Kiarabu. Kwa hati hizo hizo Hamed bin Muhammed el-Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip, aliandika maisha yake kwa Kiswahili, akiwa amekwisha kurejea Unguja. Mjerumani Heinrich Brode, aliyemhimiza, aliyageuza katika hati za Kirumi na kuyachapisha mwaka 1902 na 1903. Mwandishi alifariki mwaka 1905.

Hakuwa mwandishi kwa kazi. Hata hivyo, kazi yake ndiyo iliyomfunza mtindo. Sentensi zake ni fupi: nani alikwenda wapi, kwa siku ngapi, akapata frasila ngapi za pembe. Hapo ndipo msomaji apaswapo kuwa macho, kwani nathari ihesabuyo hivyo huwahesabu na watu. Wengi wa wapagazi na watumwa wa njia ile hawakushika kalamu. Yatupasa kuusoma ukimya wao sambamba na ufasaha wa bwana wao.