Nani Alikuwepo? Ulinzi, Mazoea ya Kila Siku na Nafasi ya Uhalifu



Wahenga walisema siku za mwizi ni arobaini. Methali hii humtazama mwizi na mwisho wake. Haizigusi siku thelathini na tisa zilizotangulia. Mhadhara huu unazihusu siku hizo: ni jambo gani katika maisha ya kawaida ya watu lililompa mwizi nafasi?

Mwaka 1979 wanasosholojia wawili wa Marekani, Lawrence Cohen na Marcus Felson, walieleza kwamba uhalifu hutokea mambo matatu yanapokutana mahali pamoja na wakati mmoja: mtu aliyekusudia kuutenda, windo linalomfaa, na kukosekana kwa mlinzi. Kwa maoni yao, wizi uliongezeka Marekani baada ya Vita vya Pili vya Dunia, ingawa maisha yaliboreka, kwa sababu watu wengi zaidi walishinda nje ya nyumba zao, na vifaa vya thamani vilizidi kuwa vyepesi kubebeka. Mlinzi wanayemkusudia si lazima awe askari. Aghalabu ni jirani ambaye yupo tu.

Historia ya Tanzania yaunga mkono hoja hii, lakini pia yaitia mashaka. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Wasukuma na Wanyamwezi wa mikoa ya Shinyanga na Tabora walisumbuliwa mno na wizi wa ng'ombe na ujambazi. Ng'ombe ni mali inayotembea kwa miguu yake, na vijiji vilikuwa mbali na vituo vya polisi. Wanavijiji wakaunda sungusungu, jina la wale wadudu weusi waumao. Yowe lilipopigwa, wanaume walitoka na pinde zao kufuata nyayo. Aliyebaki kitandani alitozwa faini au kutengwa na wenzake. Hawakungoja kuongezewa askari. Walibadili desturi ya usiku wao.

Hata hivyo, ulinzi huo ulikuwa na gharama yake. Washukiwa walipigwa, na wengine, wakiwemo watu waliotuhumiwa uchawi, waliuawa pasipo kufikishwa mahakamani. Mwaka 1989 sheria za mgambo zilirekebishwa ili kuyatambua makundi haya, lakini swali la nani amlinde mlinzi halikumalizwa na sheria.

Lugha yetu inao msamiati wa utata huu. Twasema kulinda, twasema pia kuchungulia. Vitendo vyote viwili vyahitaji jicho. Kinachovitenga ni ridhaa ya mwenye nyumba. Hadhara ya jirani anayelinda humnyima mwizi nafasi. Jirani huyo huyo akipewa mamlaka yasiyo na mpaka, yeye mwenyewe aweza kugeuka kuwa tishio.

Kwa hiyo, mtafiti wa historia ya uhalifu asiishie kuuliza nani aliiba. Aulize nani alikuwepo, nani hakuwepo, na yule aliyekuwepo aliwajibika kwa nani.